Wenye nyumba Texas wanakula dipoziti zetu, na sisi tunaambiana "achana nayo"

Wakuu, nimeshindwa kukaa na hili moyoni, acha niliweke hapa.

Miaka minne nimepanga apatimenti moja kusini magharibi mwa Houston. Kodi sijachelewesha hata mwezi mmoja. Mwaka huu nikatoa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyotaka, tarehe 31 Mei nikasafisha mpaka ndani ya oveni, nikamkabidhi meneja funguo mkononi. Dipoziti yangu, ile pesa ya dhamana niliyoweka nilipoingia, dola 1,100. Akasema vizuri kabisa, "Cheki yako itakuja kwa posta." Nikamtajia anwani mpya, nikamwona kwa macho yangu anaiandika kwenye kikaratasi cha njano. Nikaondoka na amani.

Siku ya 34, kimya. Napiga simu, najibiwa: "Anwani yako haipo kwenye faili."

Na kile kikaratasi cha njano kimekwenda wapi?

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Sheria ya mali ya Texas, sura ya 92, inampa mwenye nyumba siku 30 tangu ukabidhi nyumba awe amerudisha dipoziti. Lakini sheria hiyo hiyo inasema halazimiki kurudisha chochote wala kukupa orodha ya makato mpaka umpe anwani yako mpya KWA MAANDISHI. Kuitaja kwa mdomo haihesabiki. Haki yako haipotei kwa sababu ulichelewa kuandika, ila kabla hujaandika huna cha kumbana nacho. Meneja ambaye kazi yake kila wiki ni kupokea funguo za wanaohama analijua hili vizuri. Alishindwa nini kuniambia, "Kaka, andika hapa"? Ni mstari mmoja tu!

Nikaandika barua: jina, namba ya apatimenti, tarehe ya kukabidhi funguo, anwani mpya. Nikaituma kwa rejista na risiti ninayo. Wiki tatu baadaye ikaja bahasha. Ndani kuna cheki ya dola 215 na karatasi ya mistari mitatu: zulia jipya 600, rangi 210, mengineyo 75.

Zulia hilo nililikuta na alama ya pasi karibu na mlango wa chumba cha kulala, pembetatu ya kahawia ukubwa wa kiganja. Niliipiga picha siku naingia, tarehe inaonekana, nikamtumia meneja huyo huyo naye akanijibu "sawa". Leo ananitoza zulia zima! Sheria inakataza kumkata mpangaji kwa uchakavu wa kawaida. Zulia limekanyagwa miaka yangu minne, na kabla yangu lilikanyagwa na aliyeliunguza, halafu jipya nilinunue mimi? Rangi nayo imefifia kwa jua la dirishani, hakuna tundu wala doa. Na "mengineyo" ndiyo nini? Orodha inatakiwa ieleze kila kilichokatwa, na wakifika mahakamani ni mwenye nyumba anayepaswa kuthibitisha kwamba makato yake ni ya haki. Si mimi.

Lakini hasira yangu nyingine ni kwetu sisi. Nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp nikaambiwa, "Achana nayo, hao wana mawakili." Mwingine akasema mjanja halipi kodi ya mwezi wa mwisho, anawaambia wakate kwenye dipoziti. Ndugu zangu, huyo anawatia shimoni. Hapa Texas ukizuia kodi ya mwisho kwa sababu hiyo unachukuliwa kuwa na nia mbaya, na mwenye nyumba anaweza kukudai mara tatu ya ulichozuia pamoja na gharama za wakili wake. Binamu yangu naye akashikilia kwamba muda wa kurudisha dipoziti ni wiki tatu. Ni kweli, kwao Minnesota. Kila jimbo lina sheria yake, tusipeane ushauri wa jimbo lingine kama dawa ya mafua.

Kuna mama mmoja Mkongo tuliyekuwa tunakaa naye ghorofa moja, mtu wa Bukavu, Kiingereza kinampa tabu. Walimwekea karatasi mbele akasaini. Ananiambia, "Mwanangu, walisema nisaini ndio wanipe falanga yangu." Nikaisoma ile karatasi: amekiri uharibifu wa dola 800, dipoziti yake yote. Alikuwa ameikunja mara nne ndani ya pochi, akijua ni risiti ya kupokelea pesa. Sikujua nimwambie nini.

Mimi sikuachana nayo. Nimewaandikia barua ya kudai dola 885 zilizobaki, nikawapa siku kumi, hawakujibu. Nimefungua kesi mahakama ya JP (Justice of the Peace, mahakama ya madai madogo), inayosikiliza madai mpaka dola 20,000 na wakili si lazima. Asiye na uwezo wa kulipa ada anajaza fomu ya kueleza hali yake. Ikithibitika walizuia pesa kwa nia mbaya, sheria inasema wanilipe dola 100, na juu yake mara tatu ya walichozuia kinyume cha haki. Picha ya zulia, mkataba, risiti ya posta na ile orodha vyote nimevitoa kopi tatu.

Ninachoomba kwa aliyewahi kusimama mbele ya jaji wa JP hapa Harris County: mkalimani wa Kiswahili mliombaje, na siku ngapi kabla? Yule mama nataka naye tumfungulie yake, na kwa Kiingereza hawezi kujieleza. Na aliyewahi kusainishwa karatasi kama ile akarudishiwa pesa yake, tafadhali aandike hapa alipitia wapi.