Je, niachane na Yamaha AG100 yangu ninunue pikipiki mpya?

Bwana Shamba Mstaafu, Lushoto

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaozijua pikipiki kwa kuzitumia kazini. Nina Yamaha AG100 niliyoanza kuipanda nikiwa afisa ugani wa kata, wakati huo ikiwa mali ya mradi wa hifadhi ya udongo uliokuwa wilayani kwetu, na mradi ulipofungwa na vifaa vyake kupigwa mnada niliinunua mimi mwenyewe, kwa sababu sikutaka ichukuliwe na mtu asiyejua imefanya kazi gani. Imenifikisha Lukozi, Mlalo na Mtae katika masika ambayo magari yalikwama. Wanangu walikwenda shule za sekondari na masanduku yao juu ya kibebeo chake, na wakulima wa vijiji vya juu walikuwa wakisikia mlio wake wanaanza kukusanyika kabla sijafika kwenye kona ya mwisho.

Sasa hali yake imebadilika. Mlima wa kutoka Mombo hadi Soni ilikuwa ikiupanda kwa gia ya tatu nikiwa na mfuko wa mbegu nyuma, lakini siku hizi hunilazimu kurudi gia ya pili, na kwenye kona kali zaidi gia ya kwanza. Moshi umeongezeka kiasi cha kuwakera watu ninaowapita. Breki zake ni za ngoma, mbele na nyuma, na nikishavuka maji hazishiki mpaka nizikanyage na kuzikaza mara kadhaa ili zikauke. Haina selfu, na goti langu la kulia haliipendi tena kiki, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa saba. Spea nazo zimekuwa za kutafutwa: nikiuliza pistoni au ringi Tanga mjini, naambiwa niagize Dar es Salaam na nisubiri.

Kijana wangu mkubwa ananishauri ninunue Boxer BM 150 mpya, na amejitolea kuchangia sehemu ya bei. Kazi zangu za sasa ni kwenda shambani kwenye viazi na kabichi, kumpeleka mke wangu kliniki Lushoto mjini, na kuwatembelea wakulima wachache ambao bado huniita. Je, niitengeneze hii niliyoizoea, au muda wake umefika? Naomba mnieleze kwa hoja, maana kwa upande wa mapenzi jibu ninalo tayari na silitumainii.

Fundi wa Korogwe

Shikamoo Bwana Shamba. Nimefungua AG100 nyingi za miradi na za misheni, na ningependa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo umeyaeleza pamoja: ubovu unaoweza kuondolewa, na mambo ambayo pikipiki hiyo ilizaliwa nayo. Ukiyachanganya, unaweza kuiacha injini nzima kwa sababu ya uchafu, au ukatumia fedha nyingi kuitengeneza halafu ukabaki na shida ileile ya goti.

Kupungua nguvu na kuongezeka moshi ni dalili ambazo kwenye injini ya mapigo mawili kama yako hazimaanishi moja kwa moja kwamba pistoni imekwisha. Injini hii huunguza oili pamoja na petroli, na masizi yake hujikusanya kwenye tundu la kutolea moshi la silinda na ndani ya ekzosi, hadi njia inakuwa nyembamba na injini inashindwa kupumua. Mwambie fundi wako afungue ekzosi, atoe bomba dogo la ndani lililoko mwishoni, alisafishe, kisha akwangue masizi ya kwenye tundu la silinda pistoni ikiwa chini, akitumia kipande cha mti mgumu na si bisibisi, ili asichubue ukuta wa silinda. Kazi hiyo haihitaji spea isipokuwa gasketi, na nimeona pikipiki zilizokwisha kutafutiwa wanunuzi zikirudi kupanda milima baada ya kufanyiwa hivyo tu.

Jambo la pili ni sili za krankshafti, yaani mipira inayozuia uvujaji kwenye mhimili mkuu wa injini. Pima oili ya gia boksi leo, iache kwa majuma kadhaa ya matumizi ya kawaida, kisha uipime tena. Ikiwa inapungua na hakuna mahali inapovuja kwa nje, basi sili ya upande wa klachi imechoka na injini inanyonya oili ya gia na kuiunguza, na moshi wako chanzo chake ni hicho. Sili ya upande wa sumaku ikichoka madhara yake ni mabaya zaidi, kwa sababu injini hunyonya hewa badala ya oili, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwembamba, joto linapanda na pistoni inaweza kukwama ghafla ukiwa katikati ya mlima. Usiendelee kupanda Soni na mzigo kabla jambo hili halijachunguzwa.

Tatu, mwangalie fundi anapogusa pampu ya oili. AG100 ina tangi la peke yake la oili ya 2T, ile ya injini za mapigo mawili, na pampu yake huongozwa na waya ule ule wa akseli, hivyo waya ukikazwa vibaya injini hupata oili nyingi mno au kidogo mno. Kumbuka pia kwamba unaposhuka mlima mrefu akseli ikiwa imefungwa, injini inazunguka kwa kasi huku pampu ikitoa oili kidogo sana. Ifungue akseli kidogo kila baada ya muda ili injini ilowe. Na urefu wa mlima wenyewe una sehemu yake: Mombo iko chini kabisa na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Zamani ilikuwa na akiba ya kufidia upungufu huo, na sasa haina.

Baada ya hayo ndipo silinda ipimwe. Pistoni kubwa zaidi hupatikana kwa hatua za robo milimita hadi milimita moja, kwa hiyo swali ni kama silinda yako imeshachongwa hadi hatua ya mwisho au bado. Kama bado, unaweza kuichonga, mradi usikubali pistoni ya bei ya kutupwa ambayo hupanuka kwa joto na kukwaruza silinda mpya.

Mambo ambayo siwezi kukutengenezea ni kiki na breki za ngoma zinazolowa, na kwa hili la pili Boxer uliyotajiwa kwa kawaida nayo huja na ngoma, hivyo ukiwa dukani uliza breki ya diski kabla hujalipa. Na kama hukubadilisha kadi baada ya mnada, shughulikia umiliki huko TRA (Mamlaka ya Mapato) sasa, maana bila hiyo hutaweza kuiuza kihalali wala kuirithisha.

Muuguzi wa Bumbuli

Shikamoo Baba. Fundi ameeleza vizuri habari za injini, nami napenda kumzungumzia Mama, ambaye ametajwa mara moja tu. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya mkulima mmoja na mzigo wake, ndiyo maana kiti chake ni kifupi na nyuma yake kuna kibebeo cha chuma. Mtu mzima anayekwenda kliniki akiwa ameketi juu ya kibebeo, hata kikiwekewa godoro, anapokea kila shimo la barabara kwenye uti wa mgongo. Kama safari za kliniki ni za mara kwa mara, na umri unazifanya ziongezeke badala ya kupungua, basi kiti kirefu chenye mahali pa abiria kuweka miguu si anasa.

Vilevile injini ya mapigo manne hukusaidia kushuka. Ukiweka gia ya chini na kufunga akseli, injini inashikilia mwendo, na breki zako zinapumzika. Ya mapigo mawili hushikilia kidogo sana, kwa hiyo kutoka Soni hadi Mombo mzigo wote unabebwa na ngoma zile zile ulizosema hazishiki zikilowa. Mimi huiendesha barabara hiyo kwa kazi, na nimewapokea wodini watu walioteleza huko wakiwa na pikipiki nzima, sembuse yenye kasoro. Ningekuwa binti yako ningeungana na kaka yangu: nunua mpya, tena nunua kofia ngumu mbili, moja iwe ya Mama.

Mhudumu wa mifugo, Nandi Hills

Salamu kutoka Kenya, Mzee wangu. Kazi yangu ni kupandikiza mbegu za ng'ombe, na kwa muda mrefu mtungi wangu wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu hizo nimekuwa nikiubeba kwenye AG100 kabla sijahamia kwenye pikipiki ya mapigo manne ya cc 125. Sijutii kuhama, lakini kuna mambo ambayo wauzaji hawayasemi, na mtu wa shamba anapaswa kuyajua kabla hajatoa pesa.

La kwanza ni mnyororo. Wa AG100 umefunikwa pande zote, hivyo tope haliufikii, na unaweza kusahau kwamba upo. Wa pikipiki hizi mpya uko nusu wazi, na katika msimu wa mvua kwenye udongo wetu mwekundu, ambao naamini hautofautiani sana na wenu, tope na mchanga huusaga pamoja na sproketi zake. Itakubidi uuoshe, uupake oili na uukaze mara kwa mara, na seti nzima uihesabu kama gharama ya kawaida ya mwaka badala ya kuiona kama hasara ya bahati mbaya. La pili ni tairi. Boxer huja na tairi za barabarani ambazo kwenye njia ya shamba iliyolowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo weka akiba ya kununua tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, angalau ya nyuma. La tatu ni mwendo wa polepole. AG100 hutembea kwa kasi ya mtu anayetembea kati ya matuta bila kulalamika. Hizi nyingine zimepangiwa barabara, na kwenye mteremko wa shamba utaishikilia klachi sana hadi uizoee.

Kwa upande wa faida, petroli hupungua kwa kiasi unachokiona wazi mfukoni, hununui oili ya kuunguza kila siku, na kipuri chochote unakipata kwenye duka la kijijini, kwa sababu wanabodaboda wanazitumia kila kona. Mimi nilikuwa nikipoteza siku za kazi nikisubiri sili kutoka Nairobi, na mkulima ambaye ng'ombe wake yuko kwenye joto hawezi kungoja.

Kama fedha zinaruhusu, tafuta AG200. Ni ya mapigo manne, ina selfu pamoja na kiki, na mnyororo wake bado umefunikwa. Bei yake iko juu ya Boxer kwa mbali, na zile zilizotumika ambazo ni nzima hazipatikani kwa urahisi, lakini kwa mtu wa shamba sijaona iliyo bora zaidi.

Bwana Shamba Mstaafu, Lushoto

Nawashukuru wote, na Muuguzi namshukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa nilimsomea mke wangu maneno yake na yeye akathibitisha kila neno kuhusu kibebeo, jambo ambalo hakuwahi kunilalamikia.

Nimerudi na taarifa. Ekzosi ilikuwa imejaa masizi kama Fundi alivyosema, na oili ya gia boksi ilikuwa inapungua, kwa hiyo sili za pande zote mbili zimebadilishwa baada ya kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Silinda imepimwa: imekwaruzika kidogo na imebakiza hatua moja ya kuchongwa, lakini nimeamua isichongwe sasa. Imerudi kupanda Soni kwa gia ya tatu bila mzigo, na moshi ni ule wa kawaida wa injini yake. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo imenisaidia kuona kwamba injini haikuwa swali lenyewe. Goti ni lile lile, kibebeo ni kile kile, na mteremko wa kurudi Mombo ni ule ule.

Viazi vikishavunwa nitanunua pikipiki mpya yenye selfu, kiti kirefu na breki ya diski mbele, hata kama si Boxer, na kijana amekubali tuchague pamoja. AG200 niliyoonyeshwa ilikuwa imechoka kuliko yangu. AG100 haitauzwa. Itabaki nyumbani kwa kazi ya kubeba mbolea na mazao kutoka shambani hadi barabarani, ambako haipandi mlima wala haibebi mtu nyuma. Nina swali moja kwa Fundi: katika miezi ambayo shamba halina kazi na pikipiki imesimama, niitunzeje?

Fundi wa Korogwe

Uamuzi mzuri, Mzee. Ikiwa itasimama zaidi ya mwezi, funga bomba la petroli uiache injini iunguze yote iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe, kwa sababu petroli ikikauka humo huziba vitundu vya jeti. Tangi lenyewe ama ulijaze kabisa au ulikaushe kabisa, maana likiachwa nusu hushika kutu kwa ndani. Toa plagi, mimina kijiko cha oili ya 2T kwenye tundu lake, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono au kwa mguu wa kushoto ili oili isambae kwenye ukuta wa silinda, urudishe plagi. Chomoa betri uiweke mahali pakavu. Iinue juu ya gogo ili tairi zisibebe uzito, na uifunike kwa gunia badala ya nailoni, kwa sababu chini ya nailoni unyevunyevu wa Lushoto hauna pa kutokea. Siku ya kuiwasha tena itatoa moshi mwingi kwa dakika chache kwa sababu ya ile oili ya kwenye silinda, na usiipe mzigo mpaka moshi huo uishe.