Tupeane uzoefu: ubaguzi wa Makaburu Afrika Kusini ulikugusaje wewe au watu wako?

Mluguru wa Mjini

Wanajamvi, salaam. Kila 16 Juni tunawakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, tunaandika maneno mawili matatu, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Safari hii naomba twende mbali kidogo. Humu wamo waliocheza na watoto wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliooa na kuolewa kule, wanaofanya kazi kule mpaka leo. Hotuba tunazo tele. Mimi nataka kujua ile sheria ya ubaguzi iliingiaje ndani ya nyumba ya mtu, na mkononi mwake.

Naanza mwenyewe. Nimekulia Morogoro, marehemu baba alikuwa fundi mwashi Mazimbu, nje kidogo ya mji. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC lile shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa, mkuu wa mkoa akiwa Mama Anna Abdallah, na pakajengwa shule, hospitali, karakana na mashamba. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22 tu. Leo ni kampasi ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na makaburi ya wale ambao hawakuwahi kurudi kwao bado yapo pale.

Baba alifanya kazi na fundi umeme mmoja wa kutoka Afrika Kusini, mtu mzima, mpole sana. Wakienda mjini pamoja, kila wakipita karibu na askari, hata trafiki tu wa Msamvu, yule mzee alikuwa anapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Alikuwa anatafuta pasi, yaani kitabu cha kibali. Kwao Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa awe nayo muda wote, na kama hana kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Ukikutwa huna, ni selo. Huku kwetu hakuna aliyemuuliza chochote, lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Baba akisimulia hiyo, alikuwa anashindwa kuendelea.

Karibuni.

Mjukuu wa Kipande

Mkuu, hiyo ya mfuko imenigusa kwa sababu sisi Kenya tulikuwa na kipande. Babu yangu alikivaa shingoni, kwenye kikopo cha bati chenye kamba. Ndani kulikuwa na alama za vidole na majina ya mabwana aliowafanyia kazi. Mzungu asipotia sahihi kwamba amekuachilia, hupati kazi kwingine. Alipozeeka hakutaka kuvaa kitu chochote shingoni, hata tai siku ya arusi ya baba.

Mwana wa Masasi

Sisi wa kusini tuna yetu. Trevor Huddleston kabla ya kuwa askofu wetu wa Masasi (1960 hadi 1968) alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg. Babu yangu alikuwa mwalimu wa dini enzi hizo, na jina la Sophiatown nililisikia kwake kabla sijajua Johannesburg iko upande gani. Ulikuwa mtaa ambao Waafrika walimiliki viwanja vyao, jambo ambalo Makaburu hawakulivumilia. Februari 1955 polisi walikuja na malori, wakahamisha watu kwenda Meadowlands, nyumba zikavunjwa, na mtaa mpya wa Wazungu ukaitwa Triomf, yaani Ushindi. Hebu fikiria, unamtoa mtu kwenye nyumba yake halafu unapaita hivyo!

Nilifika pale nilipokwenda Johannesburg kikazi. Kanisa la Kristo Mfalme bado limesimama, na majivu ya Huddleston yamezikwa hapo. Jina la Sophiatown limerudishwa. Nilitamani babu angekuwa hai nimpigie simu.

Bi Harusi wa Durban

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Durban, na ukoo wa mume wangu wanaitwa Wazanzibari mpaka leo. Asili yao hasa wengi ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Manowari za Waingereza ziliwakomboa kwenye majahazi ya watumwa, na kuanzia mwaka 1873 wakashushwa Durban. Ni Waislamu, wakakaa Kings Rest, kule Bluff, wakajenga na msikiti wao.

Sasa ikaja ile sheria ya mwaka 1950 ya kumwandikisha kila mtu rangi yake. Hawa ni weusi kama mimi. Lakini ni Waislamu, na hawakuwa Wazulu. Serikali ikahangaika nao, mwishowe ikawaandika "Waasia wengineo"! Na kwa kuwa Bluff ilitangazwa ya Wazungu, wakahamishiwa Chatsworth, eneo la Wahindi.

Mama mkwe wangu alikuwa msichana wakati huo. Anasema karatasi ile iliwapunguzia mengi: hawakubeba pasi, na shule ilikuwa afadhali. Lakini palikuwa na jamaa zao walioandikwa Wabantu, na hao wakapelekwa kwingine kabisa. Watu waliokuwa wakila sinia moja wakawa wanaishi maeneo tofauti, na arusi ikawa haiwezekani bila ya kuulizana kadi. Nilimuuliza kama alifurahi kupata kadi nzuri. Alininyamazia, kisha akanambia nimletee maji.

Mimi siwalaumu. Mwenye kugawa watu ndiye wa kulaumiwa.

Fundi Sanifu

Na ile ya penseli ni kweli, dada? Kwamba walichomeka penseli kwenye nywele, ikidondoka wewe Mzungu?

Bi Harusi wa Durban

Kweli, ndugu yangu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutofautishwa kwa hilo.

Mbongo wa Jozi

Nimesoma zote. Mimi nafanya kazi za kupaka rangi nyumba huku Johannesburg. Sheria ya kugawa maeneo kwa rangi ilifutwa mwaka 1991, na 27 Aprili 1994 watu wakapiga kura, lakini ramani haikufutika. Alexandra ya maskini na Sandton ya matajiri zinatazamana. Huku choo kimoja wanachangia kaya kadhaa, kule nyumba moja ina bwawa la kuogelea ambalo mwenyewe hata haogelei. Mafundi wenzangu wanaotoka Soweto wanapanda teksi saa kumi alfajiri kufika kazini, na nauli inakula sehemu kubwa ya mshahara. Wazee wao walipangiwa kukaa mbali na mji, na watoto bado wanalipia huo umbali.

Na niseme hili bila kuficha: Mei 2008 fujo za kuwapiga wageni zilianzia Alexandra hiyo hiyo. Nililala kwenye ukumbi wa kanisa na Wazimbabwe na Wamsumbiji. Kijana mmoja aliniita kwerekwere, tusi la kumwita Mwafrika mgeni, na kuniambia nirudi kwetu. Hakuwa na habari ya Mazimbu. Ningependa hizi hadithi zifundishwe shuleni kwao kama zilivyo, pamoja na majina ya waliozikwa Mazimbu.

Mluguru wa Mjini

Pole sana, Jozi. Watu wa Kongwa mko wapi? Wapiganaji wa ANC walikuwa na kambi kwenu tangu 1964, na wapo wazee wenu waliowauzia maziwa na mtama. Na wa Dakawa pia, kulikokuwa na makazi mengine ya ANC, nawasubiri.