Kazi iko Industrial Area, Nairobi: nibaki Kitengela, nihamie Pipeline au Syokimau?

Abiria_wa_110
Wadau, nisaidieni hesabu. Nafanya kazi kwenye ghala kando ya Enterprise Road, shifti inaanza saa moja asubuhi. Kitengela nalipa kodi 11,000. Nauli kwenda na kurudi ni kama 300, na mvua ikinyesha makanga hutaja bei anayotaka. Siku 26 ni 7,800. Natoka mtoto amelala, narudi amelala. Nimepata bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, Pipeline kwa 8,500. Au Syokimau nipande treni? Mke hataki kusikia habari ya kuhama.

Ghorofa_ya_Sita
Niko Pipeline mwaka wa nne. Ukikatiza mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga unafika kazini kwa mguu, nauli sifuri. Asubuhi tunajaa barabarani, sote tukielekea upande mmoja. Lakini kodi isikudanganye. Maji ni ya kubahatisha, na kila mtungi unaopandishiwa ngazi una bei yake. Dirisha langu linatazamana na la jirani, najua amekaanga nini kabla hajala. Taa tunawasha mchana. Watoto huchezea ngazini.

Reli_Tu
Treni ya Syokimau husimama Imara Daima na Makadara, kwa hiyo si lazima ufike mjini ndipo urudi nyuma. Shida ni ratiba: bosi akikuongezea nusu saa, imekuacha. Kodi ya huko nayo si ya mtu wa ghala, samahani.

Mama_Wawili
Mimi nilitoka Pipeline nikaja Kitengela sababu ya kifua cha mtoto. Nauli inaniuma kila siku, siwezi kukuficha. EPZ ya Athi River, lile eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, je? Hiyo iko mlangoni pako. Na mke umemuuliza kwa nini hataki?

Abiria_wa_110
EPZ nilienda, mshahara walionitajia ni mdogo kuliko huu hata nikitoa nauli. Mke nimemuuliza jana. Ana kibanda cha mboga hapa stejini, wa kukopa anawajua mmoja mmoja. Pipeline mama mboga wako kila mlango. Mimi nilikuwa nikihesabu kazi yangu tu.

Ghorofa_ya_Sita
Basi changeni watatu, mpange singo, chumba kimoja cha mabati, huko Mukuru. Jumamosi unarudi kwako.

Mama_Wawili
Na mtoto akiugua Jumanne usiku?

Abiria_wa_110
Kuna jamaa wawili wa shifti yetu wanatafuta mtu wa tatu. Kesho nikitoka kazini naenda kukiona hicho chumba. Mke bado sijamwambia.