Kaka yangu baharia anataka tununue nyumba Ugiriki, hela nitoe ya korosho. Naombeni ushauri

BintiWaChuno
Habarini wadau. Niko Mtwara mjini, Chuno. Nina kaka yangu mkubwa ni baharia, mwaka wa 11 huu yuko kwenye meli za Wagiriki, akija nyumbani anakaa mwezi halafu ndo mpaka mwakani. Sasa kapteni wake anatokea kisiwa kinaitwa Chios, shangazi yake alifariki kaacha nyumba ya mawe kijijini, vyumba vitatu, uani kuna mlimao, wanaiuza yuro 38,000. Kaka ana 24,000, anataka mimi nimalizie 14,000 yaani hela ya korosho (msimu wa 2024 bei ilipovuka elfu nne nilijikusanya kidogo) na niuze kiwanja changu cha Mikindani. Anasema tukishakuwa na nyumba tunapewa karatasi za kuishi Ulaya na mama ataenda kutibiwa macho huko. Picha nimeona, nyumba nzuri sikatai. Ila wanataka advansi ya yuro elfu nne wiki hii hii eti kuna Mturuki anaitolea macho. Kwanza mgeni anaruhusiwa kumiliki kule? Maana hapa kwetu mgeni hapati ardhi mpaka apitie uwekezaji

MtaniWaNewala
Shangazi wa kapteni!! 😂 Dada kiwanja usiuze. Mimi niliuziwa kiwanja Lindi na dalali aliyeshamuuzia mtu mwingine, nikaja kujua siku napeleka tofali nakuta mwenzangu kashachimba msingi. Na hapo ni Lindi nafika kwa basi, sembuse Chios

NilikaaKypseli
Dada Chuno nilikaa Athens miaka tisa, mtaa wa Kypseli, Waafrika tuko wengi pale, bosi wangu Mkenya alinunua flati na mimi ndo nilikuwa namsindikiza kila ofisi kwa hiyo haya nimeyaona.

Kununua mgeni anaruhusiwa, raia wa nchi yoyote. Unaanza na namba ya kodi inaitwa AFM, ni kama TIN yetu, bila hiyo hununui hata banda, na ukiwa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya wanataka uwe na mwakilishi wa kodi mle ndani. Mauziano yanaandikwa mbele ya notari, yaani mwanasheria anayeandika na kuthibitisha hati, sio mnaandikiana kwa mjumbe na mashahidi wawili. Siku ya bosi wangu yule mama notari alisoma mkataba wote kwa sauti, neno kwa neno, kama saa mbili hivi, na kwa sababu bosi hajui Kigiriki ikabidi awepo mkalimani naye asaini. Keshi hairuhusiwi, inapita benki. Na kodi ya kuhamisha anayelipa ni mnunuzi, asilimia 3.09, inalipwa KABLA ya kusaini. Serikali ina bei yake ya kitabu kwa kila eneo, wanachukua iliyo kubwa kati ya hiyo na bei mliyokubaliana, kwa hiyo ule ujanja wa kuandika bei ndogo hausaidii kitu.

Ila sasa Chios. Chios ni eneo la mpakani, Uturuki unaiona kwa macho kutoka ufukweni kama ukisimama Kilambo unavyoiona Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Kuna sheria ya 1990, mtu asiye wa Ulaya hanunui maeneo hayo mpaka aombe kibali kwenye kamati ya serikali, aeleze anataka nyumba ya nini. Chios, Lesvos, Samos, Rhodes, Kos, zote humo. Mkinunua bila kibali mauziano ni batili na notari mwenyewe haruhusiwi kuyaandika. Huyo Mturuki anayewakimbiza naye anahitaji kibali hichohicho, tena sheria yenyewe unadhani ilimlenga nani 😅 kwa hiyo haraka ya wiki hii haipo.

Halafu hizo karatasi za kuishi, hapo kaka kadanganywa au kasikia vibaya. Ile ya kununua nyumba upewe ukaazi ilianza 2013 kwa yuro 250,000. Tangu Septemba 2024 Attica yote (mkoa wa Athens), Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyenye watu zaidi ya 3,100 ni yuro 800,000, kwingine 400,000. 250,000 imebaki kwa anayegeuza jengo la biashara kuwa makazi au anayekarabati jengo la kihistoria. Chios wanapita hao 3,100 mara nyingi tu. Kwa 38,000 mtakuwa na nyumba na bado mtaomba viza ya kutembea kama watu wengine, siku 90 ndani ya kila 180. Na mama, kama ni mtoto wa jicho, anatolewa hapahapa nchini

MwlMikindani
Hiyo advansi Wagiriki wanaiita aravona. Wazee wetu huku pwani wanasema arbuni. Ni neno moja hilo, limetoka mashariki ya kati, wao likawafikia kwa njia yao na sisi kwa Waarabu. Na kazi ni ileile, mnunuzi ukighairi imeliwa.

Mimi ningeuliza hivi binti, huyo shangazi ameacha warithi wangapi? Kapteni ni mpwa tu, wenzake je? Unajua mwenyewe mashamba ya mikorosho yanavyokuwa, babu kafa, watoto saba, wajukuu hawahesabiki, anajitokeza mmoja anauza na anakuonyesha mpaka mipaka, msimu ukifika wenzake wanakuja na mapanga

NilikaaKypseli
Mwalimu umegusa penyewe. Kule mrithi hauzi mpaka akubali urithi kwa hati ya notari na iandikishwe masjala ya ardhi. Na visiwa hivyo watoto wametawanyika, mmoja Australia mwingine New York, kila mmoja ana kipande chake na kila mmoja lazima asaini au atume wakala kisheria. Wakili wenu, narudia WENU sio wa kapteni, anaingia masjala anafukua hati za nyuma kama nyumba ina deni au kesi.

Na injinia atoe cheti kuwa jengo linafanana na ramani. Flati ya bosi baraza lilikuwa limezibwa kwa vioo na aluminiamu likawa chumba, kwenye ramani chumba hakipo, ikabidi muuzaji alipe faini na kurasimisha kwanza, tulikaa miezi minne tunasubiri hicho kibaraza

BintiWaChuno
Dah asanteni, hata usingizi umekata. Na kodi za kila mwaka zipo?

NilikaaKypseli
Ipo ENFIA kila mwaka, nyumba ya kijijini sio hela ya kutisha. Za halmashauri zinakuja ndani ya bili ya umeme, kama hii yetu ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU

BahariaMstaafu
Msimkatishe tamaa kijana jamani. Mimi Chios nimeshuka, mabaharia wa Kigiriki wengi wanatoka kule, si ajabu kapteni kuwa na nyumba ya shangazi. Kusini mwa kisiwa wanalima miti ya mastika, wanachanja gamba utomvu unadondoka, na chini ya mti wanafagia halafu wanamwaga udongo mweupe ili udondokee pasafi. Nilisimama pale nikakumbuka kwetu Nachingwea tunavyofagia chini ya mikorosho, nusura nilie.

Kijana kachoka bahari anataka pa kutua, hilo ni la kwake. Lakini dada yake hela yako ikiingia jina lako liingie kwenye hati na sehemu yako itajwe. Kaka ni kaka, siku akioa huko utamdai nani? Na kabla hujatuma hata senti ulizia benki yako taratibu za kupeleka hela nje kununua nyumba, usije ukaambiwa irudi wakati arbuni imeshaenda

MtaniWaNewala
Mzee Nachingwea kumbe unaliaga 😂

BintiWaChuno
Mrejesho. Nimempigia kaka usiku, nimemwambia elfu nne haitoki wiki hii, atume kwanza majina ya warithi wote na hati, na amuulize kapteni habari ya kibali. Kanuna. Kasema nimeanza kusikiliza watu wa mitandaoni. Asubuhi hii katuma WhatsApp, nikafungua mbio nikijua ndo hati, kumbe picha nyingine ya mlimao. Nimemjibu limao nimeliona kaka, leta karatasi