Vim: nafikaje moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa la gcc?

mwanaC: Wakuu, naombeni msaada. Ninaandika programu za lugha ya C kwa edita ya Vim kwenye Linux, na mradi umeshakuwa na faili nyingi. Nikipiga make (programu ya kuujenga mradi), gcc (kompaila ya C) inamwaga makosa ya aina ya `src/soma.c:148:12: error`, nami nalazimika kufungua faili na kuutafuta mstari wa 148 kwa mkono. Inanikata mawazo kabisa. Kuna njia Vim inipeleke yenyewe? Edita kubwa mashine yangu haiziwezi.

fundi_make: Mkuu, usihame, kitu hicho Vim inacho. Baki ndani ya Vim uandike `:make`. Itaendesha make, itasoma majibu ya gcc na kukutua kwenye kosa la kwanza. `:cn` ni kosa linalofuata, `:cp` lililotangulia, `:copen` inakufungulia orodha nzima. Hutaki kurushwa papo hapo? `:make!`. Kitu ninachokipenda zaidi: ukiongeza mistari juu ya kosa na 148 ikawa 151, mara nyingi Vim bado inakufikisha panapotakiwa, kwa sababu inaweka alama za siri kwenye mistari yenyewe.

mwanaC: Asante sana, imekubali! Ila makosa ya folda ya `lib` yananifungulia faili tupu. Makefile kuu (faili la maelekezo ya make) inaita `$(MAKE) --no-print-directory -C lib`.

bi_terminali: Hapo hapo ndipo penye tatizo, ndugu yangu. Gcc ikiendeshwa ndani ya `lib` inataja `orodha.c` tu, bila folda. Vim huijua folda kwa kusoma mistari ya "Entering directory" inayochapwa na make, na wewe umeizima. Liondoe hilo `--no-print-directory`. Na kama Linux yako haiko kwa Kiingereza, mistari hiyo hutafsiriwa na Vim inapotea tena; weka `:set makeprg=LC_ALL=C\ make` ili make ijibu kwa Kiingereza.

fundi_make: Naongezea: usikimbilie kosa la mwisho. Nuktamkato moja ikikosekana, gcc inaweza kulalamikia mistari mingi isiyo na hatia. Rekebisha la kwanza, kisha `:make` tena. Orodha ikikuchosha, mpe gcc `-fmax-errors=1`.

mpita_njia: Wa edita ya Emacs (M ni kitufe cha Alt): `M-x compile`, kisha `M-g n` kwenda kosa linalofuata.

mwanaC: Nimeliondoa hilo `--no-print-directory`, `lib/orodha.c` inafunguka mstari uleule. Bi Terminali, Mungu akubariki.