Mdogo wangu ananiiga kila kitu, nimwambieje?

Kifungua Mimba: Habari zenu wote. Nina mdogo wangu wa kiume, nimemzidi miaka sita. Tangu utotoni nikishabikia timu, naye yumo. Nikibadili mtindo wa nywele, kesho naye kanyoa vivyo hivyo. Hayo hayakunisumbua. Sasa anachagua masomo, na kwenye fomu kajaza fizikia na hesabu kwa kuwa ndiyo niliyosoma mimi, ilhali madaftari yake yamejaa michoro, na anachora vizuri mno. Nikimuuliza, ananijibu, "Si wewe uliweza?" Nikimkataza, si nitakuwa bado namchagulia mimi? Nyinyi mlio na kaka wakubwa, mngependa wawafanyieje?

Mziwanda: Usimkataze, kaka. Mimi nilimfuata wangu hadi kwenye ufundi wa mitandao ya kompyuta. Kilichonifungua macho ni siku alipokaa nami akanieleza kazi yake nzima, pamoja na zile saa zinazomchosha na mitihani aliyorudia. Kabla ya hapo nilikuwa naona cheti tu. Sisi wadogo hatuoni mlivyohangaika, tunaona mmefika. Nilipoyajua yote bado niliipenda kazi hiyo, ila safari hii kwa sababu zangu.

Msoma Historia: Watu husahau kwamba mkubwa naye hufuata. Chukua ndugu wawili Wamarekani waliounda ndege: Wilbur Wright alizaliwa 1867, Orville 1871. Aliyeanzisha kiwanda cha uchapishaji ni Orville, yule mdogo, na kaka yake ndiye aliyejiunga naye. Tarehe 17 Desemba 1903, ndege yao ilipopaa kwa mara ya kwanza, rubani alikuwa Orville. Umewahi kuingia wewe kwenye jambo la mdogo wako? Mwombe akufundishe kuchora.

Wa Tatu: Mimi napingana kidogo. Mbona mnachukulia kwamba fizikia haimpendezi? Michael Jordan, yule mchezaji wa mpira wa kikapu, alivaa jezi namba 23 akiikadiria nusu ya 45 ya kaka yake Larry, akitamani kufikia walau nusu ya uwezo wake. Kuiga ndiko kulikomsukuma. Muulize somo gani angelisoma hata bila mtihani, kisha nyamaza umsikilize.

Kifungua Mimba: Asanteni sana. Hilo la kunifundisha kuchora sikuwahi kuliwaza, nitaanza nalo Jumamosi. Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo nafasi ya kuzungumza bado ipo. Mziwanda, kaka yako alikueleza mkiwa wawili tu, au mbele ya wazazi? Wetu wanataka awe kama mimi, na hapo ndipo ninapoona ugumu.