Nimetolewa grupu la chama kwa sababu ya picha ya mfereji. Ukikisema chama chako ndo ushahama?

tungi_tupu (Kisauni)

Salaam wanabaraza. Nina jambo lanikera wiki ya pili hii na nyumbani siwezi kulizungumza manake nyumba yetu nzima ni chama hicho hicho, mpaka leso ya mamangu ya jikoni ina nembo. Chama sikitaji, wa Mombasa mtajaza wenyewe. Mie nimekipigia kura tangu 2007, na 2013 nikakisimamia kama ejenti kituoni, tukakesha na masanduku mpaka alfajiri kwa chai ya rangi na mkate mkavu, sikulipwa hata nauli na wala sikudai.

Sasa huku kwetu maji hayajatoka karibu mwezi. Mtungi wa lita 20 ulikua shilingi 20, saa hizi 50, na jamaa wa mkokoteni akijua una watoto wadogo hata hasemi bei, yuwateremsha mitungi tu akakungoja. Nikaupiga picha mfereji wetu wa uani. Buibui amejenga pale pale mdomoni, wallahi, utando mzima na inzi wake ndani. Nikaituma kwenye grupu la wadi na swali moja, "hawa tuliowachagua sisi wenyewe tutawauliza lini?" Basi. Sikutukana mtu.

Dakika kumi hazikuisha nshaitwa fuko, nshaulizwa ule upande mwengine wamenipa ngapi, edmini akanitoa. Kinachouma zaidi ni ami yangu, ambaye ndiye alonipeleka kujiandikisha kura, Ijumaa tumekutana msikitini amenipa mkono akiangalia viatu.

Swali langu ni hili. Kuna njia ya kukisema chama chako kwa haki bila kuonekana umehama? Ama ukiwa ndani unyamaze, ukitaka kusema utoke kwanza?

---

Jongoo_wa_Buxton

Umechelewa ndugu yangu, sisi tulitolewa 2017. Tuko wengi kuliko walobaki 😂 Halafu usijisumbue na kuhama, Juni 2021 niliingia eCitizen, ule mtandao wa serikali, nikajikuta mwanachama wa chama hata rangi yake siijui, kumbe nilihamishwa nikiwa nimelala. Na si mie peke yangu, watu walilalama nchi nzima wakati ule.

---

nyali_moja

Si tuliwaambia? Njoo kwetu bana, huku hatufukuzi mtu. Hiyo picha ya buibui nimeipenda sana, ishazunguka kote.

---

tungi_tupu

@nyali_moja wewe sasa ndo wanitia hasara. Nimeiona kwenye peji yenu na maandishi makubwa "HATA WAO WAMECHOKA". Nani kakwambia nimechoka? Nimeuliza swali nyumbani kwetu wewe umechungulia dirishani ukakimbia nalo sokoni. Watu kama nyinyi ndo mwafanya watu wanyamaze, manake mtu akifungua mdomo tu kesho yake yuko kwenye bango la mwengine.

---

Mzee wa Kibokoni

Waalaykum salaam kijana. Marehemu babangu alikua KADU ya Ngala, chama cha upinzani, majimbo usiku na mchana. Novemba 1964 KADU ikavunjwa ikaingia KANU, babangu akasema kalala mpinzani kaamka mtu wa serikali na shuka hata hajageuza. Hakuna alomuuliza. Basi akawa yuwakaa barazani na kahawa yake awasema wale wale aliokua akiwapigia makofi, na wakimjia kumwambia anyamaze awajibu kuwa walohama ni wao, yeye yuko pale pale walipomuacha.

Ila ami yako usimuone mjinga. Hujui alipopita. Mie nilipanga mlolongo 1988, wasimama nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe na yule anayekupa kibarua yuko kando yuwaangalia uko mstari gani. Akipata asilimia 70 kwenye mchujo ndo kapita, kura ya siri hakuna tena. Chama kilikua kimoja kwa sheria tangu 1982 mpaka Disemba 1991. Swali lako la mfereji zama zile lisingekutoa kwenye grupu, lingekutoa kazini. Sisi wengine woga ule ulituingia mifupani na haukutoka sheria ilipotoka.

Na wenye vyama nao huvisema, tena wale wakubwa. Nyerere kule Tanzania aliiunda CCM mwenyewe 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP ya Zanzibar, na ilipofika 1995 ndiye alokua akiinyanyua sauti kuhusu rushwa hadharani bila kujificha. Hakuna alothubutu kumuita fuko.

---

mkereketwa_halisi

Mzee kwa heshima zote, Nyerere ni Nyerere. Huyu ni mtu wa wadi. Mambo ya ndani huzungumzwa ndani, kuna vikao, kuna ofisi ya tawi, kuna viongozi. Agosti 2027 si mbali na wewe wampa adui risasi halafu walalama ukipigwa. Mie ningekua edmini ningekutoa pia.

---

tungi_tupu

Ndani wapi kaka? Ofisi ya tawi letu nilikwenda kabla sijaposti chochote. Kufuli lina kutu, kibarazani pana mama auza viazi karai, nikamuuliza hawa wenyewe hufungua lini, akacheka akaniambia "ukiona wapaka rangi jua kura zimekaribia." Huo ndo ndani unaousema? Nionyeshe mlango mie nitaingia.

---

Binti_Likoni

Hapo kwa mlango nakuunga mkono. Na si hisani wafungue, Katiba ya 2010 kifungu cha 91 yataka kila chama kifanye uchaguzi wa ndani wa mara kwa mara, wa haki na huru. Sasa wewe uliza tawi lenu lilifanya uchaguzi lini watu wakapiga kura, si kikao cha soda na majina yameshaandikwa. Nimekaa ligi ya wanawake ya chama changu miaka sita, najua nnachosema, hata nembo ya leso ya mamako huenda nimeigawa mie.

Lakini kakangu na wewe nina maneno na wewe. La kwanza, mchujo wa mwisho ulikua upande wa nani? Manake nimeona wengi sana walokua kimya miaka kumi, mtu wao akanyimwa tiketi, ghafla wameona mifereji yote mikavu. Kama ni hivyo liseme kabla hawajakusemea.

Na hiyo posti yako, ntakwambia ukweli, ilikua nzuri kwa picha lakini swali lake ni la jumla mno, la kumpa mtu nafasi ya kukuita fuko badala ya kujibu. Maji mengi ya Mombasa hayatoki Mombasa. Mzima iko Taita Taveta, Marere na Tiwi ziko Kwale, Baricho ni Kilifi. Yale mabomba makubwa yako chini ya serikali kuu, kuyasambaza mitaani ni kaunti. Sasa wewe waona hawa "tuliowachagua" wana kosa gani hapo, maji hayajafika mjini au yamefika yakakwama kwenye laini yenu? Majirani wa barabara ya pili wapata? Kama wapata basi kesi yako ishakua nyengine kabisa na ina mwenyewe. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, za kila kaunti, ziko wazi kwa intaneti, angalia maji yalitengewa ngapi na zimetumika ngapi. Ukija na hilo akuite fuko mara ngapi, bado hesabu iko pale.

Kipimo changu mie huwa ni kimoja. Nalichukua lile neno ambalo ningewasema wapinzani, najiuliza nalitoa kwetu kwa ukali ule ule? Mara nyingi wallahi naona haya. Nimewahi kumtetea mtu wetu kwa jambo ambalo mwezi ule ule nilikua nikimrushia mawe wa upande ule kwalo.

@mkereketwa_halisi na wewe, Sifuna akiwa katibu mkuu wa ODM aliyakosoa hadharani makubaliano ya Machi 2025 ya chama chake na UDA ya Rais Ruto. Katibu mkuu! Unataka mtu wa wadi aogope kuliko katibu?

---

mkereketwa_halisi

Na vurugu ilozuka hukuiona? Chama kikawa na midomo miwili. Lakini la ofisi nimesikia, hata kwetu imefungwa.

---

tungi_tupu

Dadangu Binti umenishika pabaya. Ndio, mchujo nilikua upande uloshindwa, na tiketi alipewa mwenyewe moja kwa moja, hatukupiga hata kura. Nilikasirika. Na miaka ile watu wa Changamwe walipolia maji mie ndiye nilokua nikiwajibu kwenye grupu kuwa wametumwa, maneno yale yale nloambiwa mie wiki hii. Kuna mmoja nilimtoa mwenyewe, nilikua edmini wakati huo. Sijui kama bado ana namba ile.

Nimeuliza barabara ya pili. Wapata, siku mbili kwa wiki.

---

Jongoo_wa_Buxton

Haa! Basi si ukame, ni vali ya mtu 😂

---

tungi_tupu

Nimerudi. Tumeandika barua, sisi wa laini yetu, nakala kwa tawi la chama nimeipitisha chini ya ule mlango wenye kufuli na mama wa viazi ni shahidi. Swali moja tu safari hii, kwa nini barabara ya pili wapata na sisi hatupati, na tarehe tulizoandika kila mtu kwa mkono wake. Saini kumi na nne. Jirani wa mlango wa pili kakataa, bintiye yuwangoja basari, na simlaumu.

Ami bado hajanipigia. Ila jana magharibi kamtuma mtoto aje kuniuliza ile picha ya buibui kama ninayo bado.